Maonyesho ya Picha si Pambo la Mahafali

Shule zetu za sekondari zina desturi moja iliyoota mizizi kiasi cha kudhaniwa kuwa ni sheria. Mahafali yakikaribia, mwalimu mmoja huitwa ofisini na kuambiwa kwamba mgeni rasmi atapitishwa katika maonyesho ya kazi za wanafunzi kabla ya kusomewa risala. Siku zilizosalia ni kumi, pengine nane. Karatasi za manila hununuliwa, vijana watatu wanaosifiwa kuwa na mkono mzuri hutolewa darasani, kalenda za miaka iliyopita hushushwa ukutani, na kazi ya kunakili huanza. Siku ifikapo, mgeni huonyeshwa Mlima Kilimanjaro, tembo wawili, mtumbwi chini ya mnazi wakati wa machweo, na nyumba ya matofali yenye dohani inayofuka moshi. Juu ya yote hutundikwa kitambaa kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MWACHA MILA NI MTUMWA. Mgeni hutikisa kichwa kwa kuridhika, hupigwa picha, kisha huenda kula. Jumatatu asubuhi kazi zote zimo stoo, pamoja na majembe.

Sisi twaipinga desturi hii. Hatuipingi kwa sababu michoro hiyo haipendezi. Mingine imechorwa kwa mkono hodari kweli kweli. Twaipinga kwa sababu ni maonyesho yasiyokuwa na mwenye kuonyesha. Tuseme habari ya Runzewe, maana ndiko fikira hizi zilikotujia. Runzewe ni mji mdogo wa Wilaya ya Bukombe, wilaya iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Umekaa kando ya barabara kuu itokayo Kahama na Ushirombo kuelekea Nyakanazi, na malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Wasumbwa wamo, Wasukuma wamo na ng'ombe wao, Wazinza hawako mbali, na wamo watu wa kila kabila walioitwa na dhahabu. Kijana aliyezaliwa na kukulia hapo hajapata kukaa chini ya mnazi wa pwani, wala hajapata kuona nyumba yenye dohani. Lakini ameona duara la mchimbaji likizuiwa kwa matimba ili lisiporomoke. Amesikia karasha ikisaga mawe tangu alfajiri. Amemwona mama yake akianika michembe juu ya mwamba, na babu yake akiziba kihenge kwa udongo na samadi. Kati ya hayo yote aliyoyaona kwa macho yake, ni lipi lililomo ukutani siku ya mahafali? Hakuna hata moja.

Sisi tutungao mashairi twashangaa zaidi. Kijana akituletea shairi ambalo beti zake zimechukuliwa kwa mwingine, hata kama mizani yake ni kamili na vina vyake havikupotoka, tutamrudishia na kumkanya, na akirudia tutamwita mwizi wa tungo mbele ya wenzake. Katika utenzi na shairi, Waswahili tangu zamani walitaka jina la mtunzi lijulikane, ndiyo maana washairi wengi huliweka jina lao ndani ya ubeti wenyewe. Lakini kijana yule yule akinakili picha ya kalenda, tembo kwa tembo na wingu kwa wingu, twampigia makofi na kumpa zawadi ya daftari. Kwa nini wizi wa beti uwe aibu na wizi wa picha uwe kipaji?

Huenda chanzo kimoja ni namna tulivyoipokea habari yenyewe ya utamaduni wa taifa. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa wakati wa ukoloni walijua kucheza dansi za Ulaya na hawakuzijua ngoma za kwao. Hotuba ile ilikuwa na haki yote. Lakini mifano yake ilikuwa ya ngoma, na sisi tulioifuata tulishika mfano tukaacha maana. Tangu hapo, mwalimu akiambiwa atayarishe utamaduni, hutafuta manyanga na vitenge vya kufunga kiunoni. Ngoma imepata walezi, ijapokuwa wengine ni walezi wa siku moja kwa mwaka. Picha, ufinyanzi na uchongaji vimebaki yatima, havina saa katika ratiba wala fungu katika bajeti, na yatima huvaa nguo zilizotupwa na wengine: kalenda.

Wapo watakaotuambia kwamba uchoraji wa karatasi na fremu ni jambo la kizungu, basi hapana ubaya likiigwa kizungu. Hoja hii ina kasoro mbili. Kwanza, tuitazame historia yenyewe. Mwalimu wa Kiingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha uchoraji Kampala katika miaka ya 1930, na mafunzo hayo ndiyo yaliyozaa chuo cha sanaa cha Makerere. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, katika Imperial Institute. Tuna ugomvi naye juu ya mambo kadhaa, hasa ile desturi ya mgeni kuamua lipi ni la Kiafrika na lipi si la Kiafrika. Lakini jambo moja hakulikosea: aliwahimiza wanafunzi wachore maisha waliyoyajua. Mmoja wa waliopita hapo alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyekuja kuwa Balozi wetu Uingereza na baadaye Kamishna wa Utamaduni. Ntiro alisoma London vile vile, katika Slade, penye kila picha ya Ulaya ambayo mtu angetaka kuinakili. Akarudi akachora Wachaga wakilima pamoja, wakijenga, wakivuna. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, aliyoichora mwaka 1956, ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York mwaka 1960. Walimu wapendao kuuliza "hizi picha za kijijini zitampeleka mtoto wapi?" wangefaa kuitafakari habari hiyo kidogo.

Kasoro ya pili ni kwamba maonyesho si jambo geni katika nchi hii ya Usukuma na jirani zake. Tukitaka somo la namna ya kuyatayarisha, hatuna haja ya kuvuka bahari. Mashindano ya ngoma ya Wasukuma, baina ya vyama viwili vikuu vya Bagika na Bagalu, ni maonyesho kamili. Hufanywa baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula na nafasi. Kila upande hujitayarisha kwa muda mrefu, tena kwa siri, ili ulete jambo ambalo wapinzani hawajaliona. Vikundi vingine vilichonga sanamu kubwa za miti, nyingine zenye mikono ya kuchezeshwa, kwa kusudi la kuvuta watazamaji. Na nani huamua mshindi? Si mgeni aliyeketi kwenye kiti cha kitambaa. Mshindi ni yule ambaye umati umemwendea. Watu hupiga kura kwa miguu yao. Ukitaka kujua kama jambo hili lina uzito, nenda Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement, ukaone namna vyombo vya ngoma vilivyohifadhiwa pamoja na vya uhunzi na uganga, na jengo lililofanywa kwa umbo la kiti cha enzi. Sikukuu ya Bulabo hufanyika huko kila Juni.

Picha za ukutani nazo zilikuwapo. Chama cha Bayeye, wacheza nyoka na waganga wa sumu ya nyoka, kilichora ndani ya nyumba za kuingizia wanachama wapya. Michoro ile haikuwa pambo. Mwanafunzi aliwekwa mbele yake akafundishwa maana ya kila umbo. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni, aliitafuta akaifanyia kitabu kilichotolewa mwaka 1953. Twalitaja hili kwa uchungu. Mgeni aliingia katika nyumba zetu kuchukua picha zilizokuwa shule, nasi katika shule zetu twatundika picha za nyumba za wageni.

Hapo ndipo huinuka wale wanaoogopa uchawi. Husema kwamba mambo ya Bayeye ni ya kipagani na hayafai kuonekana shuleni. Hatukusudii kubishana na dini ya mtu. Twawaambia tu kwamba hakuna anayemtaka mwanafunzi aingizwe katika chama hicho; twataka ajue kwamba babu zake walipaka kuta rangi wakizitumia kama kitabu. Anayemfundisha mtoto habari za miungu ya Wayunani katika somo la historia, kisha akashtuka kwa nyoka aliyechorwa Usukuma, hana hofu ya Mungu bali ana hofu ya kwao.

Wengine husema, basi tuchore Tingatinga, hiyo ni ya kwetu na wageni huinunua. Nao wamenakili tena, safari hii kutoka kibanda cha barabarani badala ya kalenda. Tumkumbuke Edward Saidi Tingatinga jinsi alivyokuwa. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa kutumia vitu alivyovikuta mjini: vipande vya mbao laini za dari, na rangi ile ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Aliuawa kwa bahati mbaya kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Katika miaka minne tu aliacha njia ambayo maelfu ya watu wamepata riziki kwayo. Aliye mwanafunzi wake wa kweli hapa Runzewe si yule anayechora chui wa madoadoa kama wake. Ni yule atakayetazama mbele ya nyumba yake, akaona kuna kiroba cha saruji, bati la zamani, udongo mwekundu na masizi ya chungu, akauliza: vitu hivi vyaweza kuchora nini?

Sasa twafika penye jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika shule moja ya ukanda huu, ambayo si lazima kuitaja, tulialikwa kutazama kazi siku moja kabla ya sherehe. Kati ya tembo na minazi palikuwa na karatasi moja iliyochorwa kwa penseli tupu. Ilionyesha mtu akishuka shimoni kwa kamba, amechorwa kutoka juu, kichwa na mabega tu, na tochi imefungwa kwenye paji la uso. Kamba ilishikwa na mikono minne ya watu wasioonekana. Aliyeichora ni msichana wa kidato cha pili, na anayeshuka ni kaka yake. Mistari haikunyooka, kidole kimoja kilizidi, lakini sisi wazima tulisimama mbele yake tukanyamaza. Kesho yake picha haikuwapo. Tulipouliza, tuliambiwa kwa heshima kabisa kwamba mgeni angeweza kuiona vibaya, kwamba mashimo yanachafua jina la shule, na kwamba, zaidi ya hayo, haikupakwa rangi. Mahali pake palikuwa na ua la waridi.

Hoja hii ya kuchafua jina yafaa kujibiwa bila kuzunguka. Dhahabu ya nchi hii haikuanza jana. Mgodi wa Geita ulichimbwa chini ya ardhi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Na kabla yake, kando yake na baada yake wamekuwapo wachimbaji wadogo kwa maelfu, baba na kaka wa wanafunzi hawa. Ada, sare na hata zile karatasi za manila, nyingi zimenunuliwa kwa jasho la duara. Ikiwa fedha yake haichafui jina la shule, picha yake italichafuaje? Na ikiwa duara ni mahali pa hatari, kama lilivyo kweli, je, ni heri watu wasilitazame? Mgeni rasmi ambaye hawezi kutazama picha ya mwananchi akishuka kazini kwake afadhali asialikwe. Twasema hivi tukiwa watumishi wa serikali wa miaka mingi, ambao tumewasindikiza wageni rasmi wengi, na ushuhuda wetu ni kwamba wengi wao wamechoka na tembo kuliko sisi.

Pamoja na kosa la kuondoa picha, kuna kosa dogo linalofanywa kwa nia njema. Mwalimu, akiona mkono wa mtoto umepotoka, huchukua brashi akaunyoosha. Pua hupata kivuli, macho hulingana. Picha huwa nzuri, ila sasa ni ya mwalimu, na mtoto anajua. Tumesikia mwanafunzi akisifiwa kwa picha yake akatazama chini. Mwalimu na afundishe kabla ya kazi, aonyeshe kwenye karatasi yake mwenyewe namna kivuli kinavyoanguka, kisha aufungie mkono wake mfukoni.

Ya mtihani tutayapitia upesi, kwa kuwa wazazi huyaleta mara kwa mara. Somo la sanaa lina mtihani wake wa kidato cha nne kama masomo mengine, ijapokuwa shule zinazolifundisha ni chache. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali kando ya ule wa jumla. Mzazi asemaye kazi ya mikono ni kupoteza wakati anapigana na sera, si na sisi.

Gharama ndiyo yenye mengi ya kusema, kwa sababu walimu huisingizia, na kwa kweli yaweza kuwa ndogo sana. Udongo mwekundu umejaa. Udongo mweupe wa kupakia nyumba upo. Mkaa na masizi havinunuliwi. Utomvu wa mgunga ukilowekwa huwa gundi ya kushikia rangi, na kiini cha yai hufanya kazi hiyo hiyo. Kiroba cha saruji kikikung'utwa vizuri hutoa karatasi ngumu ya kahawia, nzuri kwa mkaa kuliko manila. Lakini hapa tuna onyo ambalo mwalimu wa sanaa wa ukanda wa dhahabu hana budi kulishika kuliko mafunzo yote ya rangi: udongo na mchanga wa mwaloni, palipochenjuliwa dhahabu, usiguswe kabisa. Zebaki hutumika hapo kuikamata dhahabu, hubaki katika tope, na mvuke wake ni sumu. Tope hilo hupendeza kwa ulaini wake na rangi yake ya kijivu, na mtoto atalichota kwa furaha kufinyangia asipokatazwa. Udongo uchimbwe kwenye kichuguu au bondeni mbali na karasha, naye bibi mfinyanzi wa kijijini aulizwe. Yeye anajua upi hupasuka motoni na upi hauvunjiki.

Na huyo bibi aitwe shuleni. Aitwe kama mwalimu, apewe kiti na posho yake, asiitwe kuja kupambwa shanga na kupigiwa makofi. Katika nchi hii walikuwapo mafundi wa chuma waliojulikana kwa jina la Warongo, waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika nchi za Uzinza na Biharamulo. Wasumbwa nao walisafiri na biashara zao mpaka Katanga, na huko ndiko Msiri, mtu wa asili yao, alikojipatia ufalme mpaka alipouawa mwaka 1891. Wazee wenye masalio ya habari hizo, au wenye kigoda, ngoma, jembe la kienyeji au kibuyu kilichoshonwa, wangalipo. Wengi hawatakubali kuazimisha, na wana sababu. Twamjua mzee mmoja aliyetoa kigoda cha baba yake kwa sherehe ya shule, akakifuata mara tatu, na mara ya tatu akaonyeshwa bawabu amekikalia.

Kwa hiyo ndugu walimu wa Runzewe, mkituuliza tarehe, tutasema maonyesho yatoke katika kivuli cha mahafali kabisa, yafanyike Julai, baada ya mavuno, wakati ambao wenyeji tangu zamani waliutenga kwa kushindana mbele ya watu. Kazi ianze Januari. Kila mwanafunzi, si wale watatu wenye mkono mzuri, apewe daftari la kuchorea vitu vya kwao, kimoja kwa juma, naye asiruhusiwe kuchora kitu ambacho hakukiona. Ifikapo Mei wanafunzi wenyewe wachague, wakibishana, nini kitundikwe. Chini ya kila kazi iwekwe kadi yenye jina la aliyeifanya, kidato chake na kijiji chake, na yeye mwenyewe asimame kando yake ili aulizwe. Wazazi waingie kwanza, mgeni baadaye. Atakayekusanya watu wengi ndiye apewe zawadi, na isiwe daftari.

Kitabu cha kuazimia vyombo vya wazee kinunuliwe kabla ya turubai na viti. Kiandikwe jina la chombo, jina la mwenyewe, alama zake, ufa wake kama anao, na siku ya kukirudisha. Mzee atie sahihi au dole gumba, na mkuu wa shule atie sahihi yake chini. Picha zinazobaki zigawiwe kwa waliozichora. Zile ambazo shule itaomba kubaki nazo zitundikwe bwaloni, mahali wanafunzi wanapokula kila siku, na ile ya penseli, kama msichana yule bado anayo, iwe karibu na mlango.